Uliza Anti: Koshu, waini nyeupe ya Kijapani inayotaka chakula pembeni

Wapenzi wasomaji habari zenu. Toleo lililopita niliitaja Koshu mistari miwili tu kwenye maelezo ya sushi, na meseji zikaanza kumiminika, wengine wana chupa ndani hawajui waifanyeje, wengine wako hukohuko Japani, na baba mmoja wa Dodoma anataka kuipanda kabisa shambani kwake. Basi leo safu nzima ni Koshu. Ambao hamtumii pombe msinikimbie, humu kuna mambo ya mizabibu, historia na samaki pia.

Shikamoo Anti. Shemeji yangu karudi toka Tokyo na zawadi ya waini nyeupe imeandikwa Koshu. Jumapili tukaifungua na nyama choma na pilipili ya kutosha, jamani Anti ilikuwa kama maji yaliyokamuliwa limao kidogo, harufu hata sikuisikia. Mume wangu anasema imeharibikia safarini. Imebaki nusu iko kwenye friji, nimwage?
*Mama wa Mbezi, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Usimwage! Waini iliyoharibika ungeijua, ingekuwa na rangi ya kahawia, au inanuka siki, au inanuka boksi lililolowa maji. Yako ni nzima kabisa, ndo tabia yake hiyo. Koshu ni waini ya sauti ya chini, kilevi chake mara nyingi asilimia 11 au 12 hivi, rangi yake karibu na maji, na harufu zake ni za taratibu, peasi, balungi, na yuzu lile limau la Kijapani lenye harufu nzuri ganda lake. Mwishoni inaacha kauchungu kadogo ulimini, na hako kauchungu wala si kasoro, kanatoka kwenye ganda maana zabibu yenyewe ganda lake ni nene na lina rangi ya waridi iliyopauka, wala si ya kijani kama zabibu nyeupe tulizozoea. Sasa wewe umeiweka mbele ya nyama ya moshi na pilipili, hapo ungeisikiaje? Hakuna waini ya aina hii ingefua dafu.

Na wala hauko peke yako, hata Wajapani wenyewe kwa miaka mingi waliamini kwamba Koshu haina harufu ya maana, wakawa wanaitengeneza tamutamu ya kuwauzia watalii. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1980 pale mafundi wa Mercian, kampuni ya waini ya hukohuko Japani, walipoanza kuiacha waini ikae juu ya mashapo ya hamira yake kwa miezi kadhaa bila kuichuja, njia ya Wafaransa wa bonde la Loire, ikapata mwili na ladha kidogo ya mkate, tena ufundi huo hawakuufungia kabatini, waliwafundisha na majirani zao, jambo ambalo mimi huwa nawapa heshima sana. Afu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mjapani Takatoshi Tominaga, mtafiti wa chuo kikuu cha Bordeaux, pamoja na Profesa Denis Dubourdieu na watu wa Mercian, wakagundua kwamba ndani ya Koshu kuna harufu ileile ya balungi inayopatikana kwenye zabibu nyeupe ya Ulaya iitwayo Sauvignon Blanc, ila ilikuwa inapotea kwa sababu zabibu zilikuwa zinachumwa zimechelewa na juisi haikulindwa vizuri na hewa. Wakachuma mapema, wakailinda juisi, harufu ikatoka.

Kwa hiyo fanya hivi. Iliyobaki ina siku mbili tatu tu za uhai, leo jioni nunua ngisi mbichi, mchome haraka kwenye moto mkali kwa chumvi tu, asikauke, kamulia ndimu mwishoni, pilipili usiweke. Chupa itoe kwenye friji kama dakika kumi kabla, maana ikiwa baridi sana hata kile kidogo ilichonacho kinajificha. Kula kipande, kunywa funda, rudia. Kile kiuchungu cha mwisho kitashikana na chumvi na ule moshi kidogo wa ngisi, na hapo ndo utajua zawadi ya shemeji ilikuwa ya maana.

Sasa Anti, mimi ni Mkenya naishi Yokohama. Watu wa kazini wanasema Koshu ni zabibu asilia ya Japani, mwingine anasema ilitoka Ulaya, wanabishana mpaka basi. Ukweli ni upi? Na nikienda Katsunuma wikendi nianzie wapi?
*Msomaji wa Yokohama*

Poa sana mdogo wangu, na hongera kwa kuishi karibu na hiyo neema. Wote wana ukweli kidogo. Kuna hadithi mbili za kale pale Katsunuma, eneo la mashamba ya zabibu mkoani Yamanashi. Ya kwanza inasema mwaka 718 mtawa Gyoki alimwona Buddha wa uponyaji akiwa ameshika kichala cha zabibu, akachonga sanamu yake na kuanzisha hekalu la Daizen-ji, akawafundisha watu kupanda mizabibu. Ya pili inasema mwaka 1186 mkulima Amemiya Kageyu aliukuta mzabibu wa ajabu kando ya njia, akauhamishia kwake akautunza mpaka ukazaa. Hizo ni hadithi, wenyeji wanazipenda na mimi pia nazipenda. Ila vinasaba vimepimwa na taasisi ya taifa ya Japani ya utafiti wa pombe, na matokeo yakaonyesha kwamba Koshu kwa kama asilimia 70 ni Vitis vinifera, yaani ukoo uleule wa zabibu za waini za Ulaya ambao asili yake ni pande za Kaukazi, na sehemu iliyobaki ni mizabibu pori ya Asia Mashariki, hasa Vitis davidii wa Uchina ambao shina lake lina miiba. Maana yake mbegu ilisafiri ile njia ya hariri, ikachanganya damu Uchina, ikavuka bahari, na imelimwa Yamanashi kwa karne nyingi kiasi kwamba leo ni ya Japani na ndo kwao, huko kwingine hailimwi sana. Waambie waache kubishana.

Kuila ni zamani, kuifanya waini ni juzi tu. Mpaka karne ya 19 ilikuwa ni zabibu ya kula mezani. Kiwanda cha kwanza cha kampuni kilianzishwa Katsunuma mwaka 1877, na mwaka huohuo wakawatuma Ufaransa vijana wawili, Takano Masanari na Tsuchiya Ryuken, wakajifunze kulima mizabibu na kutengeneza waini. Hebu fikiria, vijana wa kijijini, lugha hawajui, wanapanda meli kwenda kujifunza kitu ambacho nyumbani hakuna hata mmoja anayekijua vizuri! Wakarudi 1879. Kampuni yenyewe haikudumu lakini ufundi ulibaki, na viwanda vya leo vya Katsunuma mizizi yake iko pale. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui, wakati wa vita kuu ya pili jeshi la Japani lilihimiza sana utengenezaji wa waini, si kwa ajili ya kunywa, bali zile chembechembe zinazoganda ndani ya waini zilitumika kutengeneza chumvi ya Rochelle ya mitambo ya kusikilizia nyambizi.

Sasa safari. Usiende na gari. Sheria ya Japani inambana dereva aliyekunywa, inambana aliyempa kinywaji, na abiria aliyekubali kupanda naye pia. Panda treni ya laini iitwayo Chuo toka Shinjuku jijini Tokyo, ushukie Katsunuma Budokyo, kama saa moja na nusu hivi kutegemea treni. Ukitoka tu stesheni unaona mashamba yametanda bonde zima, na mizabibu haijapangwa kwa mistari kama picha za Ulaya, iko juu ya chanja refu kuliko kichwa, matawi yanatambaa juu na vichala vinaning'inia chini, unapita chini yake kama uko chini ya dari la majani. Ukienda kipindi cha mavuno, mwishoni mwa Septemba mpaka mwanzoni mwa Novemba, angalia vichala kwa karibu. Utaona vingine vimevalishwa kofia ndogo ya karatasi ya nta, imekunjwa kama mwavuli na kubanwa kwenye kikonyo kwa mkono, kichala kimoja kimoja! Kazi yake ni kuzuia maji ya mvua yasitelemke kwenye punje na kuleta ukungu, maana Japani mvua inapiga Juni na Julai, Septemba tena vimbunga. Ukishaona hivyo hutauliza tena kwa nini chupa ina bei ile.

Anzia hekalu la Daizen-ji, afu panda kilimani kwenye kituo cha waini cha Budo no Oka, kule chini kuna ghala la waini, unanunua kikombe kidogo cha chuma unazunguka unaonja mwenyewe. Mchana kula hoto, zile tambi pana za Yamanashi zilizochemshwa na boga kwenye supu ya miso, na mkikaribishwa na wenyeji mkaletewa waini kwenye chupa kubwa ya lita 1.8 kama ya sake na vikombe vya chai, usishangae, ndo wanavyokunywa nyumbani tangu zamani na mimi naona hakuna namna nzuri zaidi ya kuinywa.

Habari ya kazi Anti. Mimi ni mhudumu wa hoteli huku Zanzibar, tunapata wageni wa Kijapani na menyu yetu ni vitu vya bahari tupu. Meneja anafikiria kuagiza Koshu. Nimesikia watu wakisema ndiyo waini pekee isiyoharibu samaki, je ni kweli au ni maneno ya biashara?
*Mhudumu, Nungwi*

Nzuri mwanangu, swali lako ndo limenifanya nitenge ukurasa mzima. "Pekee" ni maneno ya biashara, ziko nyingine nyeupe zinazoenda vizuri na samaki. Ila ndani yake kuna kitu cha kweli kabisa.

Unajua ile hali mtu anakula chaza au kamba mbichi, akinywa waini mdomo unajaa shombo, ladha ya chuma na samaki aliyelala? Zamani walisema ni tanini za waini nyekundu. Mwaka 2009 watafiti wa Mercian walichapisha utafiti, waliwaonjesha watu waini nyekundu 38 na nyeupe 26 pamoja na hotate, wale kome wakubwa wanaopendwa sana Japani, na wakakuta mkosaji ni madini ya chuma yaliyomo ndani ya waini yenyewe. Waini yenye chuma kingi inaamsha mafuta ya samaki yaliyoanza kuchakaa, na shombo inatoka hapohapo mdomoni. Nyeupe zenye chuma kingi nazo zilikuwa na tatizo hilohilo, na nyekundu zenye chuma kidogo zilipita salama. Koshu huwa na chuma kidogo, haina tanini za kusumbua, na nyingi haziingizwi kwenye pipa jipya la mbao, kwa hiyo inakaa na samaki mbichi vizuri kuliko nyingi.

Sasa mezani kwako. Sashimi, yaani vipande vya samaki mbichi, ya samaki mweupe, mfano changu au ngisi, hapo uko nyumbani. Mshauri mgeni atumie chumvi na ndimu badala ya kuloweka kwenye soya, soya nyingi inaifunika. Chaza mbichi wa barafu, safi sana. Tempura ya kamba ile ya kuchovya chumvi, naipenda kuliko zote kwa sababu ule uchachu unakata mafuta na kauchungu kanashikana na unga uliokaangwa. Kuku wa mshikaki wa chumvi ndio, wa sosi tamu hapana. Jodari mwekundu anaweza kuikubali, ila minofu ya tumboni yenye mafuta mengi inaizidi nguvu.

Vya kwetu je? Changu wa kuchoma kwa chumvi na ndimu, ndiyo tena bila wasiwasi. Pweza wa kuchemsha akakatwakatwa na kitunguu na ndimu, ndiyo. Pweza wa nazi sasa inategemea, nazi nzito inaimeza ile nyepesi ya kawaida, hapo tafuta Koshu iliyokaa juu ya mashapo, lebo nyingi huandika sur lie, au ile iliyopitia pipa. Urojo hapana, ukwaju na embe juu ya uchachu wa waini mnapigana tu. Biriani hapana. Samaki wa kupaka mwenye pilipili, hapana, mpe mgeni kitu kingine.

Kuipoza, nyuzi 8 mpaka 10 ndo pazuri. Na huko kwenu kulivyo na joto, mimina kidogo kidogo, chupa irudi kwenye ndoo ya barafu, glasi ikijaa mpaka juu itakuwa uji wa vuguvugu kabla mgeni hajamaliza kipande cha pili. Na mwambie meneja asiagize mzigo wa miaka, Koshu nyingi ni za kunywa mapema, ndani ya miaka miwili mitatu.

Anti, Koshu na sake si kitu kimoja? Na nikiona chupa ya waini dukani Japani nitajuaje ni ya zabibu za kwao kweli?
*Baharia, Mombasa*

Hapana kaka. Sake ni ya mchele, kilevi chake asilimia 15 na kitu, Koshu ni ya zabibu. La pili ni la maana zaidi. Kwa miaka mingi waini iliyoandikwa ya ndani ya nchi kule Japani ilikuwa inaweza kutengenezwa kwa juisi nzito iliyotoka nje kwa meli, ikachachuliwa Japani basi. Kanuni mpya zikaanza kutumika Oktoba 2018: jina "waini ya Japani" linaruhusiwa kama zabibu zote zimelimwa Japani na waini imetengenezwa hapo, na likitajwa eneo au aina ya zabibu, angalau asilimia 85 iwe hiyo. Kwa hiyo tafuta maneno Koshu na Yamanashi kwenye lebo, Yamanashi ina ulinzi wa jina la kijiografia tangu 2013. Chupa nzuri za kawaida huanzia kama yen 1,500.

Anti shikamoo. Mimi ni mkulima wa zabibu Dodoma, nina ekari mbili. Nikipata vijiti vya huo mzabibu naweza kupanda huku?
*Mkulima, Hombolo*

Marahaba baba, na poleni na jua. Nitasema wazi maana ni pesa yako. Koshu imezoea kupumzika baridi kali ya Yamanashi, inapukutisha majani inalala, inaamka masika mara moja kwa mwaka. Wewe Dodoma huna baridi hiyo, unaulaza mzabibu kwa kukata matawi na kunyima maji, na unavuna mara mbili. Zabibu nyeupe ya Chenin blanc imekubali mtindo huo, Koshu ni suala la majaribio, na majaribio si ya mkulima wa ekari mbili kuyabeba peke yake. Afu faida yake kubwa, lile ganda nene linalovumilia mvua na ukungu, kwako haina kazi sana, Kofu, mji mkuu wa Yamanashi, inapata kama milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, nyingi zikianguka wakati zabibu ziko mtini, Dodoma ni karibu nusu ya hapo na mna miezi mirefu mikavu.

Na tafadhali sana baba, mtu asikuletee vijiti kwenye begi. Magonjwa ya mizabibu husafiri ndani ya kijiti usiyaone kwa macho, ukaua shamba lako na la jirani. Vipando vya nje vinapita kwa kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kabla ya hapo nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora ukazungumze nao, kazi yao ndo zabibu.

Kitu cha kuiga toka kwao ni uangalifu. Familia ya Misawa, wenye kiwanda cha Grace, walikwenda Akeno, hukohuko Yamanashi, juu kama mita 700, jua la kutosha, wakaacha chanja la kienyeji wakajaribu kuipanga Koshu kwa mistari iliyosimama ili mzabibu uzae kidogo lakini punje ziwe ndogo na nzito ladha. Watu waliona haiwezekani, Koshu inakua kwa nguvu mno. Binti yao Ayana Misawa, aliyesomea Bordeaux, akaendelea nayo, na waini yao ya mavuno ya 2013 ikachukua dhahabu kwenye mashindano ya waini ya Decanter ya Uingereza mwaka 2014, ya kwanza kwa Japani. Walipunguza mzigo wa kila mti ndo wakapata ubora. Wewe na Chenin yako unaweza kujaribu hilo msimu huu huu, chukua mistari michache, punguza vichala mapema vikiwa bado vidogo, mnunuzi apime sukari za mistari hiyo na za mingine.

Anti nimeona Koshu ya rangi ya chungwa, nimeogopa kununua. Ni halali yake?
*Msomaji, Dubai*

Nunua bila hofu mdogo wangu. Hiyo imechachuliwa pamoja na maganda yake, na kwa sababu maganda ya Koshu ni ya waridi, waini inatoka na rangi ya chungwa au shaba, inakuwa na ukavu kama chai ya rangi na uchungu zaidi kidogo. Hiyo ndo Koshu pekee ninayoweza kuiweka mbele ya pilau ya kuku au kuku wa sosi ya soya ile tamu, maana ina mgongo wa kubebea viungo. Usiipoze sana, itoe kwenye friji nusu saa kabla ya chakula, na pilipili ya kuwasha weka pembeni kila mtu ajipimie.